Mlango wa Elimu: Watu Mashuhuri Wakumbuka Herufi Zao za Kwanza

 Kabla ya kuanza twataka kuwauliza swali moja. Kila mmoja wenu na afumbe macho kidogo, ajiulize: Ni jambo gani la kwanza ninalolikumbuka katika maisha yangu? Mwingine atakumbuka moshi wa jikoni kwa mama yake. Mwingine atakumbuka sauti ya babu yake akikohoa barazani. Mwingine siku ile aliyoanguka mtini. Mambo hayo ni madogo, wala hayakuandikwa mahali po pote. Walakini yamekaa ndani yetu miaka hii yote, hali mambo mengi makubwa yaliyotupata baadaye yamekwisha kusahaulika.

Watu waliopata sifa duniani nao ni vivyo hivyo. Wahenga walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wengi katika watu hao, walipokwisha kusafiri sana na kutenda mambo makubwa, waliketi wakaandika habari za maisha yao, na katika kuandika wakarudi utotoni. Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alipotoa habari zake kwa Kiswahili alianza na umri wa miaka 12, alipotoka kufanya biashara ya sandarusi. Maana biashara ndiyo iliyomfanya kuwa mtu mkubwa. Lakini wako wengine ambao jambo la kwanza lililowageuza halikuwa bidhaa wala vita, bali lilikuwa herufi.

Leo tutawaeleza habari za watu watano, jinsi walivyokumbuka mwanzo wao wa kujua kusoma na kuandika. Nasi twawaomba mwangalie sana jambo moja katika kila habari, yaani yule mtu aliyesimama mlangoni pa elimu siku mtoto alipofika, kwamba aliufungua mlango ule au aliufunga.

Mkate kwa herufi

Wa kwanza ni Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, huko Marekani. Alipoandika kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1845, alieleza kwamba hakujua umri wake kwa hakika. Watoto wa kizungu waliokuwa pale walijua miaka yao. Yeye hakuruhusiwa hata kuuliza. Alikisia kwamba alizaliwa mwaka wa 1817. Wataalamu wa historia walikuja kuchungua daftari la bwana wake, wakamkuta ameandikwa pamoja na watoto wengine wa watumwa: Februari 1818. Basi daftari la mali lilijua siku zake kuliko yeye mwenyewe.

Mama yake alikodishwa kwa bwana mwingine, katika shamba lililokuwa mbali mwendo wa maili 12. Alikuwa akimaliza kazi ya mchana, kisha hutembea usiku kuja kulala na mwanawe. Na mtoto alipoamka asubuhi, mama hayupo. Douglass asema hakumwona zaidi ya mara nne au tano. Mama akafa mtoto alipokuwa na miaka saba hivi. Hizo ndizo kumbukumbu zake za kwanza: usiku, na mama asiyeonekana mchana.

Mwaka wa 1826 alipelekwa katika mji wa Baltimore, nyumbani kwa Bwana Hugh Auld. Bibi wa nyumba, Sophia Auld, hakuwahi kuwa na mtumwa kabla ya hapo, akamtazama kijana yule kama mtazamavyo mtoto ye yote. Akaanza kumfundisha herufi, kisha maneno mafupi ya herufi tatu na nne. Bwana Auld alipopata habari alikasirika, akamkataza mkewe palepale. Alimwambia kwamba elimu humharibu mtumwa. Akijua kusoma, hatafaa tena kuwa mtumwa. Naye mtoto alikuwa akisikiliza.

Angalieni ajabu ya jambo hili. Bwana yule alifunga mlango, lakini katika kuufunga alimwonyesha mtoto mahali mlango ulipo. Douglass asema kwamba tangu siku ile alitambua njia itokayo utumwani. Kama elimu ingekuwa kitu kisicho na nguvu, kwa nini bwana aiogope?

Lakini Bibi Sophia alibadilika. Yeye aliyekuwa mpole akawa mkali kuliko mumewe, na alipomwona kijana ameshika gazeti alimnyang'anya kwa hasira. Ndipo Douglass alipotafuta walimu wengine. Katika nyumba ile mkate haukukosekana, na njiani walikuwapo wavulana wa kizungu, watoto wa maskini wenye njaa. Akitumwa kazi alichukua kitabu pamoja na mkate. Aliwapa mkate, nao wakampa somo. Alipoandika habari hizi baadaye hakutaja majina ya wavulana wale, kwa kuwa huko kumfundisha mtumwa kulihesabiwa kuwa kosa kubwa, naye hakutaka wapate aibu kwa wema wao.

Kuandika alijifunza katika kiwanda cha kuundia merikebu. Mafundi walipokwisha kuuchonga ubao, waliutia herufi moja au mbili kuonyesha utawekwa upande gani wa chombo. Kijana akaziangalia, akajua maana yake, akaziiga. Kisha alipomkuta mtoto ajuaye kuandika, alimwambia, "Nami najua kama wewe." Yule mwingine akabisha, akaandika zaidi ili amshinde, na kwa kumshinda alimfundisha. Ukuta na njia ndivyo vilivyokuwa daftari lake, na kipande cha chokaa kilikuwa kalamu. Alipopata miaka 12 hivi, alinunua kitabu kwa senti 50 alizochuma mwenyewe, kitabu cha hotuba za watu wenye ufasaha. Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka utumwani. Akawa mmoja wa wasemaji wakuu wa karne ile katika kupinga utumwa, hata alipokufa mwaka wa 1895.

Mfupa wa ngamia

Sasa turudi pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Miaka ileile Douglass alipokuwa akihutubia huko Marekani, katika kisiwa cha Unguja alizaliwa binti wa mfalme. Huyu ni Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan; mama yake alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi za mbali. Kitabu chake chaanza na jumba lile la ukingoni mwa bahari: ua mkubwa uliojaa watu, na kati yao tausi, paa, kanga na mbuni wakitembea huko na huko, na watoto wakikimbizana nao.

Hapa tungedhani kwamba mtoto wa mfalme hafungiwi mlango wo wote. Sivyo. Watoto wa jumba walisomeshwa Kurani, wavulana kwa wasichana. Lakini wasichana walifundishwa kusoma tu, wala hawakufundishwa kuandika. Kalamu haikuwa kazi ya mwanamke. Salme hakuridhika. Katika siku zile mfupa wa bega la ngamia, uliokaushwa ukawa mweupe, ulitumika mahali pa kibao. Basi alitwaa mfupa wa namna hiyo, akafungua msahafu, akaanza kuziiga herufi moja moja, kwa siri. Alipoona mkono wake umezoea, alitafuta mtu wa kumtengenezea makosa. Habari ilipojulikana watu walimlaumu sana, yeye hakujali.

Seyyid Said alifariki mwaka wa 1856, na Seyyid Majid akatawala Unguja. Mwaka wa 1859 ndugu yake, Seyyid Barghash, alifanya shauri la kumpindua. Wakuu wa shauri lile walihitaji mtu wa siri ajuaye kuandika, na katika mabibi waliokuwa upande wao alikuwako msichana wa miaka 15 mwenye mkono mwepesi. Salme akawa mwandishi wao. Barua zikatoka kwake kwenda kwa wakubwa wa upande wao. Shauri lile likavunjwa kwa msaada wa Waingereza, watu wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay. Seyyid Majid alimsamehe dada yake, lakini rafiki wengi walimwacha. Salme mwenyewe aliandika juu ya mambo haya kwa majuto makubwa.

Hapa pana fundisho la kutosha kwetu sote. Mtoto yule alijifungulia mlango peke yake, na ushujaa wake twausifu. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kalamu ni kama kisu: chakata mboga, na chakata mkono. Waliomzunguka walikuwa na nafasi ya kumlaumu kwa kuandika. Hawakuwa na nafasi ya kumwongoza katika kuandika. Na wa kwanza kuutaka ujuzi wake walikuwa watu wenye haja yao wenyewe.

Hata hivyo herufi zile za mfupani hazikuishia katika fitina. Mwaka wa 1866 Salme aliondoka Unguja, na mwaka wa 1867 aliolewa huko Aden na Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe alifariki kwa ajali, akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Ndipo alipoanza kuandika, kwanza kwa ajili ya watoto wake, ili wapate kujua mama yao ametoka wapi. Kitabu kilitolewa mwaka wa 1886 kwa Kijerumani. Salme alifariki mwaka wa 1924. Lau asingaliiga zile herufi kwa siri, habari nyingi za ndani ya jumba la Mtoni, vyakula vyake, sherehe zake na huzuni zake, zingalikufa pamoja na watu wake.

Saa ya kiwandani

Wa tatu ni Booker T. Washington, naye alizaliwa mtumwa, katika jimbo la Virginia, mwaka wa 1856. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1901 asema kwamba alipokuwa mtoto mdogo alitumwa mara nyingi kumchukulia binti wa bwana wake vitabu hata mlangoni pa shule. Hapo ndipo mwisho wa safari yake. Alichungulia ndani akawaona watoto wameketi na vitabu vyao, akaona kwamba kuingia mle kungekuwa sawa na kuingia peponi.

Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka wa 1865, watumwa walipata uhuru. Mama yake akawachukua watoto kumfuata baba yao wa kambo katika mji wa Malden, jimbo la West Virginia, walipochemsha chumvi. Mtoto akatiwa kazini. Kila mpakiaji wa chumvi alikuwa na hesabu yake juu ya mapipa yake, na ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Jioni msimamizi alipita akiandika 18 juu ya kila pipa lao. Hiyo ndiyo alama ya kwanza aliyoijua Booker: alijua 18 kabla ya kujua 1.

Akamwomba mama yake kitabu. Mama hakujua kusoma hata herufi moja, walakini alitafuta, wala hatujaelezwa alikipataje, akamletea kitabu cha herufi. Shule ya watu weusi ilipofunguliwa pale, baba wa kambo hakukubali aende, kwa kuwa mshahara wa mtoto ulihitajiwa nyumbani. Akasoma usiku, hatimaye akaruhusiwa kwenda mchana, ila kwa sharti: afanye kazi tangu alfajiri hata saa tatu ya asubuhi. Lakini shule nayo ilifunguliwa saa tatu, na njia ilikuwa ndefu! Hapo Washington akiri jambo ambalo mtu mkubwa mwingine angelificha. Kiwandani palikuwa na saa kubwa iliyowaongoza wafanya kazi wote. Kila asubuhi aliufikia mkono wake akausogeza mshale kutoka saa mbili na nusu hata saa tatu, apate kuwahi somo. Mwisho msimamizi alishuku, akaifungia saa ile ndani ya sanduku. Washington asema hakukusudia kumdhuru mtu. Alitaka kufika shuleni kwa wakati wake.

Siku ya kwanza darasani aliona mambo mawili ya kumfadhaisha. Watoto wote walivaa kofia, naye hana. Na watoto wote walikuwa na majina mawili, naye ana moja tu. Jina alilitengeneza papo hapo: mwalimu alipomwuliza, alijibu kwa utulivu, "Booker Washington." Kofia mama yake hakuwa na fedha za kununua, bali alitwaa vipande viwili vya nguo akavishona pamoja. Wenzake wengine walimcheka. Yeye asema kwamba katika miaka yote iliyofuata aliisifu kofia ile, kwa sababu mama yake alikataa kuingia katika deni ili aonekane na kitu asichokuwa nacho.

Mwaka wa 1872 alifunga safari ya maili 500 hivi kwenda chuo cha Hampton, akafika mchafu na mwenye njaa. Mwalimu mkuu wa kike alimtazama, asimkubali wala asimkatae. Kisha akampa ufagio, akamwambia afagie chumba kimoja. Akakifagia mara tatu, akakipangusa mavumbi mara nne. Mwalimu akaja na kitambaa chake, akasugua mbao na meza, asione hata chembe ya vumbi. Ndivyo alivyopokewa. Mwaka wa 1881 yeye mwenyewe akawa mkuu wa chuo kipya cha Tuskegee, akakaa katika kazi hiyo hata alipokufa mwaka wa 1915.

Suruali ya baba

Kofia ile yatukumbusha nguo nyingine, ya Nelson Mandela. Huyu alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 huko Mvezo, Afrika ya Kusini, akakulia kijiji cha Qunu. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1994, mwaka uleule aliokuwa Rais wa nchi yake, amesimulia utoto wa kuchunga kondoo na ndama, kuogelea mtoni na kupigana kwa fimbo na wenzake. Asema kwamba siku moja walikuwa wakimpanda punda kwa zamu. Punda akaruka, akamtupa miibani mbele ya rafiki zake. Aliona haya sana, akajifunza tangu siku ile kwamba kumwaibisha mtu ni kumtesa bila sababu.

Katika jamaa yake hakuna aliyekuwa ameingia shule. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Alipopata miaka saba shauri lilikatwa kwamba apelekwe. Mpaka siku ile vazi lake lilikuwa blanketi lililofungwa begani. Baba akamwambia kwamba shuleni lazima avae inavyopasa. Akatwaa suruali yake mwenyewe, akaikata magotini, akamvika mtoto. Urefu ulikuwa sawa, lakini kiuno kilikuwa kipana mno. Akakifunga kwa kamba. Mandela akubali kwamba pengine alichekesha. Lakini huyu aliyekuja kuvaa mavazi ya heshima mbele ya wafalme alisema kwamba hakuna vazi alilojivunia kuliko suruali ile.

Siku hiyohiyo mwalimu, Bibi Mdingane, alimpa kila mtoto jina la Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya shule za wakati ule. Mtoto aliyeitwa Rolihlahla kwao, akaitwa Nelson. Kwa nini jina hilo, hakujua hata uzeeni. Booker alijichagulia jina mlangoni pa shule. Rolihlahla alipewa jina asiloliomba. Walimu wenzetu na walifikiri hilo: neno tunalomwambia mtoto siku ya kwanza, hata kwa wepesi tu, laweza kumfuata miaka 88.

Maji mkononi

Wa mwisho ni Helen Keller, aliyezaliwa mwaka wa 1880 katika jimbo la Alabama, Marekani. Alipokuwa na miezi 19 aliugua sana, na alipopona alikuwa kipofu na kiziwi. Akakua kama mtu aliye ndani ya ukungu, akijua haja zake wala hana jina la kitu cho chote.

Tarehe 3 Machi 1887 alifika nyumbani kwao mwalimu, Anne Sullivan, mwanamke wa miaka 20, ambaye yeye mwenyewe alikuwa karibu kuwa kipofu utotoni, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alimpa mtoto mwanasesere, kisha akaandika herufi za neno lile kwa vidole katika kiganja chake. Mtoto akaiga kwa upesi, lakini hakujua kwamba anaandika neno, wala hakujua kwamba maneno yako. Siku nyingi zilipita hivyo. Mtoto alikasirika, akamtupa chini mwanasesere akamvunja, wala hakuona huruma.

Mwalimu hakumpiga. Alimpeleka nje penye bomba la maji. Mtu mmoja alikuwa akivuta maji; mwalimu akauweka mkono mmoja wa mtoto chini ya maji yale ya baridi, na katika mkono wa pili akaandika herufi za neno maji, kwanza polepole, kisha upesi. Mtoto akasimama kimya. Ndipo alipotambua kwamba kile kitu cha baridi kinachopita mkononi kina jina. Mara alitaka jina la kila kitu alichokigusa. Aliporudi ndani alipapasa vile vipande vya mwanasesere, akajaribu kuviunganisha asiweze. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilia kwa majuto. Tazameni: siku aliyopata neno, siku hiyohiyo alipata na dhamiri. Alimaliza masomo ya chuo kikuu mwaka wa 1904, akaandika vitabu vingi, akasafiri duniani kuwatetea vipofu, hata alipokufa mwaka wa 1968.

Je, tuyaamini?

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: watu hawa waliandika baada ya miaka mingi, je, walikumbuka sawasawa? Swali hilo ni zuri, nalo ndilo mwanzo wa historia. Keller aliandika akiwa na miaka 22 hivi, Douglass 27, Salme karibu 42, Washington karibu 45, Mandela zaidi ya 70. Keller mwenyewe akiri kwamba ni vigumu kutenga mambo ya kweli na ya kuwaza katika kumbukumbu za utotoni. Basi hatuna budi kuyapima maneno yao kwa ushahidi mwingine. Habari ya bomba la maji ina shahidi, maana mwalimu Sullivan aliiandika katika barua mwezi uleule wa Aprili 1887. Habari ya mwaka wa kuzaliwa wa Douglass ilisahihishwa na daftari. Aghalabu mtu hukosea tarehe. Ila uso wa aliyempokea mlangoni, na kofia aliyovaa, hukumbuka vema.

Neno letu wenyewe

Sasa hatuna budi kutoa habari moja ya kwetu, ijapokuwa haina sifa. Zamani, tulipoanza kazi ya ualimu, tulikuwa vijana wakali wenye kupenda sana utaratibu. Katika darasa la kwanza alikuwako mtoto mmoja aliyechelewa kila siku. Mara ya kwanza tulimwadhibu, na mara ya pili. Mara ya tatu tulimwambia mbele ya wenzake arudi kwao hata atakapojua maana ya kengele. Wenzake wakacheka. Akaenda, asirudi tena. Nasi hatukumfuata kuuliza.

Ikapita miaka mingi. Siku moja sokoni alitujia kijana mrefu, akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia, "Marahaba," lakini hatukumtambua. Akatoa barua iliyokunjwa, akasema, "Tafadhali, Mwalimu, nisomee. Imetoka kwa ndugu yangu." Tulipokwisha kumsomea alitutajia jina lake, akatukumbusha habari ya kengele. Alieleza pasipo hasira kwamba siku zile bibi yake alikuwa mgonjwa, naye ndiye aliyemtekea maji kisimani kila asubuhi kabla ya kuja shule. Tukamwuliza, "Mbona hukurudi bibi alipopona?" Akajibu, "Niliona haya, Mwalimu, kwa kuwa walicheka."

Tulimwomba aje kwetu jioni tumfundishe. Alikuja jioni tatu, akajua kuandika jina lake. Kisha kazi ikampeleka mbali. Kumbukumbu yake ya kwanza ya shule ni sisi. Hatuwezi kuifuta.

Ndiyo sababu tumewaletea habari hizi. Walimu wenzetu, mtoto akichelewa, mwulizeni kwanza anatoka wapi. Huenda naye ana saa yake kiwandani au kisima chake. Wazazi, msiseme hatuna nguo wala elimu ya kumsaidia mtoto: mama yake Washington hakujua herufi, na baba yake Mandela alikuwa na suruali moja ya kukata. Binti naye asiachwe kuiga herufi gizani peke yake. Nanyi wanafunzi, kila mmoja wenu na atafute mzee mmoja nyumbani kwake, amwulize jambo la kwanza analolikumbuka na siku ya kwanza aliyoona herufi, kisha aandike majibu yake pamoja na jina na mwaka. Wazee hawatungoji, na daftari la senti chache laweza kuhifadhi kitu ambacho kikipotea hakinunuliki tena.